Mshono Asioushona Fundi Vuta

Kuna watu walipewa mikono bila kuambiwa kwamba mikono nayo hupumzika. Mmoja wao ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Nimefanya naye kazi chumba kimoja mpaka nimeota mvi, yeye anashona, mimi napiga pasi, kwa hiyo nikimsema nina haki. Mtaani wanamwita Fundi Vuta. Jina hilo hakupewa na wazazi wetu, alilitafuta mwenyewe, tena kwa bidii.

Mafundi wengine wakimaliza suruali hukata uzi, huikung'uta, huitundika, basi. Huyu wetu akimaliza huishika huku na huku penye mshono, hukaza meno, huvuta kama mtu anayegombania shuka na mwenzake. Mshono ukilia hata kidogo tu, anafumua wote na kuanza upya. Kwa nguo zake sina neno, maana hajawahi kurudishiwa suruali iliyopasuka. Lakini mwenzenu haishii kwenye zake. Akikusalimia, mkono mmoja umeshika wako na mwingine umeshafika kwapani kutafuta mshono. Tulikwenda msibani kwa jirani, mfiwa kainama analia, huyu anampa pole huku vidole viko begani pa shati la watu. "Hili ulishonewa wapi?" Kabla mfiwa hajafuta machozi, bega likaachia. Mtu wa watu akaenda kuzika ndugu yake bega liko nje, na mimi natafuta pa kuuweka uso wangu.

Mke wake, wifi yangu, aliolewa akiwa na hamu ya kujifunza. Mdogo wangu akamkalisha kwenye cherehani ya pili, ile kuukuu ya kukanyaga, akampa foronya ashone. Maskini wa Mungu alishona asubuhi nzima, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipomaliza, mumewe akaichukua mbele ya wateja, akaivuta, ikafunguka kama mdomo. "Huu si mshono," akasema, "huu ni utani." Wateja wakacheka. Tangu siku hiyo wifi hakuigusa tena cherehani. Akahamia kwenye kigoda karibu na mlango, kazi yake vifungo na pindo za mkono, na ile cherehani ya pili ikawa meza ya kuwekea vyombo vyetu vya chakula. Nilimfariji nikamwambia, "Wifi, usimjali huyo, akikosa nguo atavuta hata ngozi ya mtu." Sikujua kwamba natabiri.

Siku ya balaa, mkasi mkubwa ulikuwa umeanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Mnoaji yupo, anapita mtaani na jiwe lake la kuzungusha, lakini ndugu yangu hamwamini binadamu yeyote na mkasi wake. Hunoa mwenyewe. Mkasi kaushika kushoto, kinoo kiko kulia, na mdomo hautulii. Asubuhi hiyo alikuwa ananisimanga kwa ajili ya kola moja iliyong'aa.

"Dada, wewe unapiga pasi au unachoma mkate?"

Nilikuwa ndio kwanza nafungua kinywa nimjibu vizuri, kinoo kikateleza. Mkono wake wa kulia ukapita juu ya makali, kuanzia shina la kidole gumba mpaka katikati ya kiganja. Jeraha likafunguka wazi.

"Sijaumia," akasema, na damu inachuruzika kwenye suruali ya mteja.

Wifi alishachana kipande cha kitambaa, akamfunga, akamsukuma mlangoni. Nyie mnaosoma mtasema ni kidole tu. Kidole kile ndicho kinachoingia kwenye tundu la mkasi. Hakuna mwingine anayekata pale, mimi najua pasi, wifi anajua vifungo, na watoto wake wanajua kula. Kidole kikigoma, nyumba nzima inakaa chini, na mimi nikiwemo.

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke, kijana wa miwani minene na sauti ya taratibu. Akamwambia akunje kidole, akunjue, akunje tena. "Mishipa yako imesalimika," akasema. "Una bahati." Akampiga sindano ya pepopunda, akamtia ganzi, akaanza kushona. Mgonjwa mwingine angetazama dari. Wetu akaketi, shingo imenyooka, anakagua.

"Samahani daktari, hizo hatua zako mbona ndefu? Kati ya uzi na uzi hapo ng'ombe anapita."

"Zinatosha."

"Tena kila uzi umeupiga fundo lake peke yake. Si ungeenda nao moja kwa moja?"

"Huu ukikatika, zile nyingine zinabaki. Na nikibana sana damu haitapita, ngozi itakufa."

"Sisi kwenye kitambaa hatuhangaiki na damu."

"Ndiyo maana kitambaa hakiponi," daktari akasema, akaendelea na kazi.

Nilitamani nimkumbatie. Alipomaliza akafunga bandeji safi, akampa vidonge vya maumivu, akamwambia asiloweshe, asifungue, arudi siku ya kutoa nyuzi. Mdogo wangu akabaki kakaa, anasubiri.

"Na dawa?"

"Ndiyo hiyo ya maumivu."

"Nasema dawa yenyewe. Ya kukausha. Ya kuunganisha."

"Baba, hiyo mimi sina. Mimi nimekutanisha ngozi na ngozi, nimeosha, basi. Kushikana ni kazi yao wenyewe. Wewe wape nafasi."

Njia nzima alikuwa analalamika. Eti kaenda hospitali karudishwa na mahubiri. Eti daktari gani huyo, mwanafunzi, hana hata dawa ya kupaka. Nawajua watu wetu, na mnajijua. Daktari akikupa mfuko wa vidonge vya rangi rangi, huyo bingwa. Akikwambia kapumzike, mwili utafanya kazi yake, huyo kafeli masomo. Magoti yetu ya utotoni yaliyochubuka kila siku nani aliyapaka nini? Tulitema mate tukaendelea kukimbia, na magoti ninayo hadi leo. Lakini mtu akishakua na kupata akili, anaona aibu kupona bure.

Kesho yake nafika asubuhi kuwasha pasi, namkuta ndugu yangu dirishani penye mwanga. Bandeji inaning'inia kwenye kiti. Kidole gumba kakibana kwenye ukingo wa meza ya kukatia, na kwa vidole vya mkono wa kushoto kashika upande wa pili wa jeraha. Anavuta.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

"Kama imeshika." Akavuta tena, akakunja uso. "Bado. Si nilisema hatua ndefu?"

"Jamani, ni jana tu! Hivi una kichwa au una kitundikio cha kofia?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada."

"Hukuumia tumbo, umeumia mkono!"

Sikio la kufa halisikii dawa, na la mdogo wangu halisikii hata kelele. Kila asubuhi alifungua, alivuta, alisikitika, alifunga. Na kwa kuwa alikuwa anafungua, kila mtu akapata pa kuchungulia. Mama mkwe wake alikuja na chupa ya mafuta ambayo hata yeye alikuwa hakumbuki ni ya nini, akayamimina. Muuza dawa wa pale kona alimpa kidonge cha kufungua na kumwagia unga wake kwenye jeraha, kazi ambayo hata aliyekitengeneza hakuiwaza. Shemeji mmoja alisema dawa ya meno inavuta joto, akapaka, jeraha likanukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki. Na fundi viatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuja na kopo la gundi.

"Hii inashika soli, fundi. Ngozi ni ngozi tu."

Nilimfukuza yeye na kopo lake. Mdogo wangu akaniangalia kama niliyemfukuza mgeni mheshimiwa.

Wifi alikuwa anatazama yote hayo kutoka kwenye kigoda chake. Siku moja tu alisema, kwa upole, "Baba watoto, yule daktari alisema pasifunguliwe." Mumewe akamjibu bila hata kugeuza shingo: "Mambo ya mishono niachie mimi." Wifi akainamia kifungo chake.

Haikuchukua muda mkono ukavimba. Ukawa mwekundu, unawaka moto, nyuzi zimezama kwenye nyama. Kisha kukaanza kutoka maji, na baada ya maji usaha, na harufu ambayo hata pasi yangu haikuweza kuifunika. Alipojaribu kukunja kidole gumba, kidole kikakataa. Akaenda kwenye mkasi, akajaribu kukiingiza kwenye tundu, akashindwa. Akaurudisha mkasi mezani polepole sana, akaketi. Hapo ndipo nilipomuona mdogo wangu akiogopa, na mimi nikaizima pasi yangu.

Tulirudi kwa yule daktari. Alifungua bandeji, akanusa, akatazama yale mabaki ya mafuta, unga na dawa ya meno.

"Nani amefungua hapa?"

Nikamkanyaga ndugu yangu mguu.

"Nilikuwa nakagua," akasema.

"Unakaguaje?"

Akamwonyesha. Kwa mkono wa kushoto akashika hewa, akavuta hewa. Muuguzi aliyeshika beseni akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari hakucheka.

"Sikiliza, baba. Usiku mwili wako ulikuwa unashona. Nyuzi zake ni laini, zinataka utulivu zikomae. Asubuhi wewe ukafumua. Usiku ukashona tena, ukafumua tena. Mwili nao uvumilivu wake una mwisho."

Akatoa nyuzi zake alizozishona, akaosha jeraha mpaka ndani, na mara hii bingwa wetu wa kukagua alitazama dari. Akaandika vidonge vya kuua wadudu, akasisitiza amalize vyote.

"Sasa unashona upya?" ndugu yangu akauliza, sauti ndogo.

"Siwezi. Nikifunga juu nitafungia usaha ndani. Itabidi kidonda kibaki wazi chini ya bandeji, kijae chenyewe kutoka chini."

"Na hiyo dawa ya kujaza?"

"Haipo."

"Hata ya kuagiza?"

"Baba, haipo duniani. Vidonge vitaua wadudu, hilo vinaweza. Muuguzi atakuosha kwenye chumba cha vidonda siku ya zamu yako, na yeye peke yake ndiye atakayefungua. Kujaza nyama ni kazi ya mwili wako, na hatuna wa kuusaidia. Ukiendelea kuvuta, kovu litashika mishipa, kidole kitabaki kama kijiti. Huo mkasi wako utamwachia mwingine."

Tulirudi nyumbani. Nikadhani amesikia. Thubutu! Kesho yake asubuhi, naingia, mtu yuko dirishani, ncha ya bandeji ishaanza kulegea.

"Naangalia tu, dada. Sivuti."

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshajikunja tayari.

Nikafungua kinywa nimpe ya kumpa, lakini wifi akaniwahi. Aliinuka kigodani. Akaondoa vyombo vya chakula juu ya cherehani ya pili, kimoja kimoja, akavipanga sakafuni. Akafuta vumbi kwa kiwiko. Akachukua kipande cha turubai kilichobaki kwenye kazi ya begi la mteja, akakikunja, akaketi, akaanza kukanyaga. Cherehani ililalamika, kisha ikakubali. Ndugu yangu alikuwa kaachama.

"Unashona nini?"

"Mfuko."

"Wa nini?"

Alipomaliza alikuja na mfuko wenyewe, mnene, mdomo mpana. Akakaza bandeji, akauingiza mkono wa mumewe ndani mpaka kwenye kifundo, kidole gumba kikapata nafasi ya kucheza humo. Akachukua sindano ya mkono na uzi ule mzito tunaoshonea vifungo vya makoti, akaupitisha kwenye nta, akaanza kuushona mdomo wa mfuko pamoja na mkono wa shati. Hatua fupi fupi, kila moja inarudi nyuma kidogo kuishika iliyotangulia.

"Mke wangu, umechanganyikiwa? Unanishona?"

"Tulia nisikuchome."

"Nitaufumua huu kabla ya mchana."

"Kwa mkono gani?" wifi akauliza.

Nilicheka mpaka nikaunguza leso niliyokuwa napiga pasi. Mtu amefumua nguo za watu maisha yake yote, leo hana mkono wa kufumulia!

Msidhani alikubali kirahisi. Alivuta kwa mkono wa kushoto. Alivuta kwa meno. Aliuingiza kwenye msumari wa kutundikia nguo akaegemea kwa uzito wake wote, msumari ukapinda. Mikasi yote wifi alikuwa ameshaificha, akaniomba wembe, nikamwambia wembe wangu umesafiri. Akaenda kwa fundi viatu, lakini wifi alikuwa ameshapita huko, na fundi viatu akautazama ule mfuko akasema, "Hapana bwana, mimi nina mke pia." Akarudi, akaketi, akaanza kuutazama ule mshono. Aliutazama kutoka upande huu, akaugeuza, akautazama kutoka upande ule. Nilisubiri aseme hatua ndefu, nilisubiri aseme uzi umelegea. Hakusema kitu.

Basi ikawa hivyo. Siku ya chumba cha vidonda, wifi anafumua asubuhi, wanakwenda, muuguzi anaosha na kufunga, na pale pale kwenye benchi la nje wifi anatoa sindano na kumshona tena mbele ya wagonjwa. Wagonjwa walicheka hadi waliokuja na kikohozi wakakoma kukohoa. Lakini kila muuguzi alipofungua, shimo lilikuwa limepungua. Nyama nyekundu, safi, ilikuwa inapanda kutoka chini taratibu, bila kusifiwa na bila kuvutwa na mtu, na ngozi inatambaa kutoka pembeni kuja kuifunika. Nilimuuliza muuguzi wanatia dawa gani siku hizi. Akasema maji ya chumvi na kitambaa safi. Sikumwambia ndugu yangu, angerudi kule kona kwa muuza dawa.

Habari za kupona zilipotoka, kila mwamba ngoma akavutia kwake. Mama mkwe akasema mafuta yale yalikuwa yanafanya kazi kwa ndani. Muuza dawa akasema ni ule unga wake, ila huwa unachelewa. Shemeji wa dawa ya meno akatoa ushauri kwa mtaa mzima. Hata fundi viatu, ambaye gundi yake haikuvuka mlango, alisema angeachiwa yeye kazi ingekwisha mapema zaidi. Ile nyama iliyofanya kazi yote, tena ikivurugwa kila kukicha, hakuna aliyeipa hata ahsante.

Siku ya mwisho daktari mwenyewe alikagua. Kovu nene, limejikunja, halikuwa la kujivunia, na kidole gumba hakikunyooka mpaka mwisho. "Hapo ndipo kilipofika," akasema. "Ungetulia tangu mwanzo kingefika mbali zaidi." Ndugu yangu akainamisha kichwa. Kisha akaomba apewe mkasi wa bandeji ajaribu, na kidole kikaingia kwenye tundu, kikafungua, kikafunga. Akakata hewa mara kadhaa huku machozi yanamtoka, na daktari akajifanya anaandika.

Sasa, ule mfuko. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hatujatoka, wifi alikuja na wembe afumue kama kawaida. Alikuwa ameshapitisha ncha chini ya uzi wa kwanza. Mumewe akamshika mkono.

"Usiufumue."

"Tutafungua vipi?"

"Kata turubai pembeni. Kata na shati. Mshono uuache."

Nilidhani sikusikia vizuri. Shati lilikuwa zima kabisa. Na huyu ni mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuuona mshono wa mtu mwingine akaupita.

Wifi alisimama na wembe mkononi. Miaka yote ile, kigodani, vifungo na pindo, nilidhani alishaisahau ile foronya.

"Si uuvute kwanza," akamwambia. "Usije ukawa utani."

Ndugu yangu akauangalia ule mshono, uchafu wa siku zote tangu ushonwe mara ya mwisho umeganda juu yake, hakuna uzi hata mmoja uliohama.

"Nimeuvuta," akasema. "Nimeuvuta kila siku, mke wangu. Umenishinda."

Wifi akakata turubai, akaukata na mkono wa shati, taratibu, mbali na mshono. Tuliporudi kutoka hospitali akaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya pili, akaketi, akaniambia nimsogezee kazi. Na mimi vyombo vyangu vya chakula sasa naviweka sakafuni.